Kujifunza Nadharia na Uhakiki wa Fasihi kwa Mkusanyo Mmoja Mkubwa: Tatizo la Istilahi

1. Utangulizi

Mwanafunzi wa fasihi aingiapo Chuo Kikuu hupewa orodha mapema: urasimi, ulimbwende, uhalisia, umuundo, umarx, ufeministi, na nyingine nyingi za namna hiyo. Huikariri orodha, hupewa riwaya moja ya Kiswahili, kisha huambiwa aihakiki kwa kutumia nadharia mojawapo. Hufanya hivyo, na aghalabu hupata alama nzuri. Lakini ukimwuliza ni nani walioanza kulitumia neno umuundo, walikuwa wakibishana na nani, na ubishi wenyewe ulihusu nini, hunyamaza. Hanyamazi kwa uvivu. Hunyamaza kwa sababu alipewa istilahi bila kupewa hoja iliyoizaa.

Hasara yake si ya mwanafunzi huyo peke yake. Sisi tunaoshughulika na istilahi nasi tumekuwa tukilifanya kosa lilo hilo kwa upande wetu. Tumechukua orodha ya maneno ya kigeni kutoka mwishoni mwa kitabu fulani, tukatafuta kisawe cha kila neno, tukajadiliana juu ya viambishi, tukapitisha. Istilahi zikapatikana, lakini nyingine zimekuwa kama majina ya watu tusiowajua.

Madhumuni ya makala haya ni kueleza njia nyingine ya kujifunza taaluma hii, nayo ni kusoma maandishi yenyewe ya wanadharia katika mkusanyo mmoja mkubwa, hali daftari la istilahi limewekwa kando. Dai letu ni moja: istilahi ya uhakiki haitafsiriki vema mpaka usomwe ubishi ulioizaa. Tutatoa mifano mitano, na kila mfano utatupa kanuni ndogo inayoweza kumfaa mtafsiri, mwalimu na mwanafunzi.

2. Mkusanyo ni kitu gani?

Kwanza yatupasa tuafikiane juu ya jina la kitabu chenyewe. Kiswahili kina neno diwani, lakini sisi tumezoea kuliita hivyo kusanyiko la mashairi, hasa ya mtunzi mmoja: Diwani ya Muyaka, Diwani ya Amri. Wengine husema antholojia, neno la Kiyunani ambalo asili yake ni kuchuma maua. Kwa maana hiyo ya maua, neno letu koja lingekaribia sana, maana koja ni maua yaliyotungwa uzini. Hata hivyo koja linadokeza uzuri na mapambo, na maandishi tunayoyazungumzia mengine ni makavu, mengine ni makali. Kwa hiyo katika makala haya tutatumia mkusanyo, kwa maana ya kitabu kilichokusanya maandishi teule ya watu wengi kuhusu jambo moja.

Lakini mfano wa koja tusiutupe kabisa, kwani unatukumbusha jambo la maana. Maua hayajitungi yenyewe. Uzi ni wa mtungaji, naye ndiye aliyeamua lipi liingie na lipi libaki shambani. Msomaji wa mkusanyo wo wote hana budi kuuliza: nani alitunga, na nini kilibaki nje?

3. Mkusanyo tuliouchukua kuwa mfano

Mikusanyo ya nadharia na uhakiki kwa Kiingereza ni mingi. Hazard Adams alitoa wake mwaka 1971, akianzia kwa Plato. David Lodge alitoa mwingine mwaka 1972, uliohusu karne ya 20 tu. Sisi tumeuchukua ule uitwao The Norton Anthology of Theory and Criticism, ambao mhariri wake mkuu ni Vincent B. Leitch. Ulitoka mara ya kwanza mwaka 2001, toleo la pili likafuata mwaka 2010, na la tatu mwaka 2018. Toleo lile la kwanza lilizidi kurasa 2,500. Mtu akisoma kurasa 20 kila siku bila kupumzika, itamchukua zaidi ya miezi minne kulimaliza.

Maandishi yamepangwa kwa kufuata wakati. Toleo la kwanza linaanza na Gorgias, mwalimu wa ufasaha wa Wayunani wa kale, linapita kwa Plato, Aristotle, Horace, Augustine na Maimonides, linawafikia akina Kant, Wordsworth, Marx na Nietzsche, kisha linaingia katika karne ya 20 pamoja na Saussure, Virginia Woolf, Bakhtin, Fanon, Barthes, Derrida, Achebe, Edward Said na wengine. Kila mwandishi ametanguliwa na maelezo ya wahariri juu ya maisha na hoja zake. Pia kuna orodha ya pili ya yaliyomo, iliyopangwa kwa mada na mikondo ya fikra, ili msomaji asifungwe na mpango wa miaka.

Ubora wa kitabu cha namna hii ni kwamba kinawakalisha wabishani katika baraza moja. Ila yake ni kwamba wengi wao wamekatwa vipande. Mathalan, mtu akisoma sehemu ya kitabu cha kumi tu cha Jamhuri ya Plato, atadhani huo ndio msimamo wote wa mwanafalsafa huyo juu ya washairi. Akirudi kwenye kitabu cha pili na cha tatu, ataona kwamba suala lilianza na malezi ya watoto: wasimuliwe hadithi gani, na kwa namna gani. Basi mkusanyo ni mlango wa kuingilia, na aliyeingia asisahau kwamba nyumba ina vyumba vingine.

4. Maneno matatu ya mlangoni: nadharia, uhakiki, fasihi

Kabla hatujaingia ndani, tutazame maneno matatu tuliyo nayo tayari.

Nadharia limetoka katika Kiarabu, na mzizi wake unahusu kutazama. Neno la Kiyunani ambalo Wazungu wamelirithi kwa maana hiyo hiyo nalo asili yake ni kutazama. Hapa lugha mbili zimekutana bila kupatana, na mwalimu anaweza kuanzia hapo: nadharia ni mahali pa kusimama ili kutazama. Anayebadili mahali pa kusimama ataona upande mwingine wa kitu kile kile.

Uhakiki nalo ni la Kiarabu, na ni ndugu wa haki na hakika. Mhakiki ni mtu anayetafuta ukweli wa jambo na kuuthibitisha. Neno la Wazungu limetokana na kitenzi cha Kiyunani chenye maana ya kupambanua na kuhukumu. Kwa hiyo Kiswahili kimesisitiza uthibitisho pale wenzetu waliposisitiza hukumu. Tofauti hii ni ndogo lakini ina faida, maana inatukumbusha kwamba uhakiki si ukosoaji. Ukosoaji hutafuta kosa. Uhakiki hutafuta hakika, hata kama hakika hiyo ni sifa.

Fasihi ndilo lenye fundisho kubwa zaidi. Waarabu wenyewe huita taaluma hii adab, neno ambalo kwetu limebaki na maana ya heshima na mwenendo mwema. Sisi tulichukua neno lihusulo ufasaha, yaani usemi ulio wazi na mzuri. Sasa tulinganishe na neno la Kiingereza, ambalo limetokana na neno la Kilatini lenye maana ya herufi. Kwa sababu ya asili hiyo, wataalamu wa Afrika Mashariki walipotaka kuzungumzia hadithi, nyimbo na methali kwa Kiingereza walijikuta wakisema jambo linalojipinga: maandishi yasiyoandikwa. Pio Zirimu wa Uganda aliunda neno jipya la Kiingereza ili kuondoa kasoro hiyo. Kwa Kiswahili kasoro hiyo haikuwapo tangu mwanzo. Ufasaha hauhitaji karatasi. Tusemapo fasihi simulizi na fasihi andishi tunataja matawi mawili ya mti mmoja, na hakuna tawi linaloazima jina kwa jingine.

Kanuni ya kwanza, basi, ni hii: pale ambapo neno letu linalibeba jambo vizuri kuliko la kigeni, tusilipinde ili lifanane na la kigeni.

5. Kuiga na kuigiza: ubishi wa Plato na Aristotle

Istilahi ya kwanza kubwa katika mkusanyo wo wote wa aina hii ni neno la Kiyunani mimesis. Plato (yapata 427–347 K.K.) analieleza kwa mfano wa kitanda. Kipo kitanda cha asili, ambacho ni wazo lenyewe la kitanda. Kipo kitanda kilichotengenezwa na seremala kwa kulifuata wazo hilo. Na kipo kitanda kilichochorwa na mchoraji kwa kufuata sura ya kile cha seremala. Mchoraji, na mshairi pamoja naye, yuko mbali na ukweli. Tena mshairi huzinywesha maji hisia ambazo zingefaa zikauke.

Mwanafunzi wake Aristotle (384–322 K.K.) analichukua neno lile lile na kuligeuza. Mwanadamu, asema, huanza kujifunza kwa njia hiyo tangu utotoni, naye hupata raha ndani yake. Hata kitu kinachochukiza machoni tunakitazama kwa furaha kinapochorwa vizuri. Tena ushairi una falsafa zaidi kuliko historia, maana historia husema lililotokea, na ushairi husema lile ambalo huweza kutokea.

Mtafsiri afanyeje? Kuna kishawishi cha kutumia maneno mawili: kuiga kwa Plato, kwa kuwa kuiga kwetu kuna harufu ya dharau, kama tunapomsema mtu kuwa anaiga Uzungu; na kusawiri kwa Aristotle, kwa kuwa kusawiri ni kazi ya heshima. Sentensi zitakuwa nzuri, lakini ubishi utakuwa umeuawa. Msomaji wa Kiswahili ataona watu wawili wanaozungumzia mambo mawili tofauti, wala hataelewa ni kwa nini Aristotle alihitaji kumjibu mwalimu wake.

Bahati njema, mzizi wetu -iga una pande zote mbili. Kuiga hudharauliwa, lakini kuigiza huheshimiwa. Mwigaji ni mtu asiye na lake, lakini mwigizaji ni msanii. Mzizi mmoja unabeba shutuma ya Plato na utetezi wa Aristotle. Kwa hiyo twapendekeza istilahi iwe uigaji kwa wote wawili, na mwalimu auoneshe ukoo wa uigaji na uigizaji tangu somo la kwanza.

Kanuni ya pili: pale ambapo wabishani wanagombania neno moja, mtafsiri naye atumie neno moja.

6. Kusafisha hisia: neno ambalo maana yake haijaamuliwa

Katika sura ya sita ya kitabu chake cha ushairi, Aristotle anasema kwamba tanzia, kwa njia ya huruma na hofu, huleta katharsis ya hisia za namna hiyo. Haelezi zaidi. Kwa sababu ya ufupi huo wataalamu wamebishana kwa karne nyingi. Wapo wanaosema maana yake ni ya kidini: kutakaswa, kama mtu anayeondolewa unajisi. Wapo wanaosema ni ya kitabibu: kutoa taka mwilini, kama mgonjwa anayekunywa dawa ya kuharisha. Mjerumani Jacob Bernays aliitetea sana maana hii ya pili katika maandishi yake ya mwaka 1857. Wengine tena husema ni kufafanuka kwa jambo akilini.

Tukisema utakaso, tumejiunga na kundi la kwanza bila kujua, kwa kuwa kutakasa kwetu ni neno la ibada. Tukisema uharishaji, tumejiunga na la pili, na darasa zima litacheka. Lakini kitenzi cha kila siku kusafisha kinatumika pote: watu husafisha tumbo, husafisha moyo, husafisha nia, husafisha hata jina. Neno hili la kawaida ni pana kiasi cha kuwaweka wabishani wote ndani yake. Twapendekeza usafishaji wa hisia, na mwalimu aziorodheshe fasiri zile chini yake.

Kanuni ya tatu: pale ambapo wenye neno wenyewe hawajaafikiana, istilahi yetu iwe pana kama ubishi wao. Si kazi ya mtafsiri kumaliza shauri ambalo halijamalizwa na wenyewe.

7. Fani na maudhui: istilahi iliyokwisha kutuamulia

Mfano wa nne unatuhusu zaidi kuliko iliyotangulia. Shuleni, tangu kidato hata kidato, uhakiki wa fasihi ya Kiswahili umejengwa juu ya maneno mawili: fani na maudhui. Maudhui ni yale yanayosemwa: dhamira, ujumbe, falsafa, migogoro. Fani ni namna yanavyosemwa: muundo, mtindo, wahusika, mandhari, lugha. Jozi hii imewasaidia walimu wengi, na vitabu vizuri vimeandikwa kwa kuifuata. Hatukusudii kuipiga vita.

Lakini tuangalie litokealo mwanafunzi huyu anapomfikia Cleanth Brooks katika mkusanyo. Mwaka 1947 Mmarekani huyo aliandika kwamba ni uzushi kudhani kuwa shairi linaweza kuelezwa kwa nathari na bado likabaki lile lile. Maana ya shairi, kwa hoja yake, imo katika mpangilio wake wote: katika picha, mapigo, na mikinzano ya maneno. Ukiuondoa mpangilio, hujabaki na maana tupu. Umebaki na kitu kingine.

Mwanafunzi wetu akiyasoma maneno hayo hushangaa. Atayaweka wapi, katika fani au katika maudhui? Jozi aliyoizoea ilikwisha kumwambia kwamba shairi ni kikombe na chai: chai yaweza kumiminwa katika kikombe kingine. Brooks anasema hakuna kikombe wala chai. Mwanafunzi haoni kwamba hapa kuna hoja inayoshindana na istilahi zake, kwa sababu hajawahi kuambiwa kwamba fani na maudhui ni nadharia. Aliambiwa kwamba ni vichwa vya habari vya jibu la mtihani.

Tena neno fani lenyewe lina historia. Katika Kiarabu lina maana ya sanaa au ufundi, wala si umbo la nje peke yake. Hata leo tunasema fani ya udaktari na fani ya uhandisi. Ni sisi katika uhakiki tuliolibana likawa na maana ya upande mmoja wa kazi ya sanaa. Jambo hilo si dhambi, maana kila taaluma hubana maneno. Lakini mwenye kulibana akumbuke kwamba amelibana.

Kanuni ya nne: pale ambapo istilahi yetu imebeba msimamo, tusiifute, bali tumwambie msomaji msimamo huo ni upi na nani anaupinga.

8. Sauti ya Nairobi katika kitabu cha New York

Katika toleo lile la mwaka 2001, baina ya maandishi ya Ulaya na Marekani, msomaji wa Afrika Mashariki anakuta maandishi yaliyoandikwa karibu na kwake. Tarehe 24 Oktoba 1968, walimu watatu wa Chuo Kikuu kishiriki cha Nairobi, yaani Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyejulikana wakati huo kwa jina la James Ngugi, Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong, walitoa waraka wakitaka Idara ya Kiingereza ifutwe. Hawakusema kwamba fasihi ya Kiingereza isisomwe. Walihoji kwa nini iwe ndiyo kitovu, na fasihi nyingine zote zitazamwe kutoka hapo. Walitaka Afrika iwe mahali pa kusimama, na katika mambo ya kufundishwa waliitaja fasihi simulizi na fasihi ya Kiswahili. Waraka huo ulichapwa kitabuni mwaka 1972, na Idara ya Fasihi ikaja kupatikana Nairobi.

Tukikumbuka kwamba nadharia ni mahali pa kusimama ili kutazama, tunaona kwamba waraka huo ni nadharia kamili, ingawa uliandikwa kama barua ya ofisi. Hili nalo ni fundisho la mkusanyo: nadharia haitambulikani kwa ugumu wa maneno yake.

Lakini jambo moja linapasa lituume. Waraka ule uliandikwa kwa Kiingereza, na hata sasa wanafunzi husomeshwa waraka huo huo kwa Kiingereza. Mwaka 1986 Ngũgĩ alitangaza kwamba tangu hapo angeandika kwa Kigikuyu na Kiswahili. Mwanafunzi anayesoma shahada ya Kiswahili, na anayetaka kujua hoja ya kuifanya fasihi yake kuwa kitovu, bado huifuata hoja hiyo katika lugha ya idara iliyotakiwa kufutwa.

Kanuni ya tano inatoka hapa: maandishi yaliyozaliwa kwetu yawe ya kwanza kutafsiriwa, wala yasingojee zamu nyuma ya Plato.

9. Namna ya kuusoma mkusanyo

Kwa mwalimu au mwanafunzi anayetaka kuanza, twapendekeza utaratibu ufuatao.

(a) Asisome kwa kufuata kurasa. Achague jozi za wabishani: Plato na Aristotle juu ya uigaji; Wimsatt na Beardsley, walioandika mwaka 1946 kwamba nia ya mtunzi si kipimo cha shairi, pamoja na Barthes, aliyetangaza kifo cha mwandishi katika miaka ya 1960; Achebe, aliyemshutumu Conrad katika mhadhara wa mwaka 1975, pamoja na riwaya yenyewe ya Conrad.

(b) Asome kwanza maneno ya mwandishi, ndipo arudi kwenye maelezo ya wahariri. Anayeanza na maelezo huona katika maandishi kile alichoambiwa atakiona.

(c) Awe na daftari la istilahi. Kila neno lipewe ukurasa wake, na ukurasa uwe na mambo sita: neno la asili, aliyelitumia na mwaka, maana yake kwa maneno yake mwanafunzi, anayempinga, neno la Kiswahili linalopendekezwa, na sentensi moja kamili ya Kiswahili inayolitumia. Jambo hili la mwisho ndilo mtihani wa kweli. Istilahi isiyoweza kukaa katika sentensi ya kawaida ya Kiswahili bado haijazaliwa.

(d) Ajaribu kila hoja kwa kazi ya Kiswahili anayoifahamu sana, iwe Al-Inkishafi, Kusadikika ya Shaaban Robert, au Rosa Mistika ya Kezilahabi. Asiulize tu nadharia inasema nini juu ya kazi hiyo. Aulize pia kazi hiyo inaikatalia nini nadharia.

(e) Kamusi za taaluma zitumike kama shahidi, si kama hakimu. Kamusi ya Fasihi ya K. W. Wamitila ya mwaka 2003 na Nadharia za Uhakiki wa Fasihi ya Wafula na Njogu ya mwaka 2007 zimefanya kazi kubwa ya kuyaeleza mambo haya kwa Kiswahili. Lakini maelezo, hata yawe mazuri vipi, ni habari za ubishi. Siyo ubishi wenyewe.

10. Haja ya mkusanyo wetu

Mwaka 2007 Tejumola Olaniyan na Ato Quayson walitoa mkusanyo mkubwa wa uhakiki na nadharia ya fasihi ya Afrika, kwa Kiingereza. Ni dhahiri kwamba hatua inayofuata ni yetu: mkusanyo wa nadharia na uhakiki katika Kiswahili.

Wengine watauliza, tutaweka nini ndani yake? Twajibu kwamba tuna ubishi wetu, tena mkali. Mwaka 1954 Kaluta Amri Abedi alichapisha sheria za kutunga mashairi, akiweka vina na mizani kuwa nguzo. Mwaka 1974 Kezilahabi alitoa Kichomi, mashairi yasiyofungwa na nguzo hizo. Mwaka 1979 Mulokozi na Kahigi walitoa Kunga za Ushairi na Diwani Yetu, wakitetea kwamba vina na mizani si uti wa mgongo wa ushairi. Kati ya miaka hiyo washairi na wahakiki walijibizana bila kuoneana haya. Neno lililogombaniwa lilikuwa moja, nalo ni shairi. Huo ni ubishi wa hadhi ile ile ya ubishi wa uigaji, na uliendeshwa kwa Kiswahili kitupu, bila kungoja istilahi zitafsiriwe. Yakiwekwa maandishi hayo kitabuni kwa mpangilio wa miaka, pamoja na utangulizi mfupi kwa kila moja, mwanafunzi ataona kwamba nadharia si bidhaa inayoshushwa bandarini peke yake.

Kwa upande wa tafsiri, twashauri kazi ianze na maandishi ya kale, kwa kuwa maneno ya Plato na Aristotle hayana mwenye kudai haki ya kuyanakili, ingawa tafsiri za kisasa zina wenyewe. Maandishi ya karne ya 20 yatahitaji ruhusa, na ruhusa huhitaji fedha na muda. Jambo hilo lisitukatishe tamaa. Sura chache za Aristotle zilizotafsiriwa kwa uangalifu, pamoja na daftari la istilahi lililotokana nazo, zitafaa kuliko orodha ya maneno mia tano yaliyopatiwa visawe katika kikao kimoja.

11. Hitimisho

Tulianza na mwanafunzi aliyenyamaza. Tukimpa mkusanyo badala ya orodha, hatutakuwa tumempunguzia kazi, tutakuwa tumemwongezea. Lakini atakapoulizwa neno fulani limetoka wapi, atakuwa na la kusema, na yumkini atakuwa na neno lake bora kuliko tulilolipitisha sisi. Hapo kazi ya Baraza itakuwa ni kumsikiliza.

Mapendekezo tuliyoyatoa hapa, yaani uigaji na usafishaji wa hisia, hatuyatoi kama amri. Wasomaji wenye maoni tofauti, hasa walimu wanaoyatumia maneno haya madarasani, wanaombwa watuletee maoni yao pamoja na sentensi kamili zinazoyaonesha maneno hayo yakifanya kazi.